Nani Atabaki na Mtoto?

Muulize mzee yeyote wa Jericho au Kaloleni historia ya mpira wa Eastlands, na utakaa hapo mpaka chai ipoe. Ataanza na ule uwanja wa Jogoo Road, ambao zamani uliitwa African Stadium na siku hizi una jina la Joe Kadenge. Atakutajia Kadenge mwenyewe, Luo Union, Abaluhya, Gor Mahia iliyozaliwa 1968, kisha akuonyeshe kwa kidole pale alipokuwa ameketi siku ya mechi fulani mvua ikinyesha. Ni historia tamu na sehemu kubwa yake ni kweli. Lakini hebu hesabu wanawake waliomo ndani. Utapata mama wa kuuza njugu langoni, basi.

Si kwamba wanawake hawakuwepo. Eastlands ilianza nao. Kabla kanju haijajenga mitaa yake mingi kulikuwa na Pangani ya zamani, halafu kuanzia mapema miaka ya 1920 kukawa na Pumwani, na huko wanawake walijenga nyumba za udongo kwa pesa zao wenyewe, wakapangisha vyumba, wakazeeka wakiitwa wenye nyumba. Machi 1922, Harry Thuku alipokamatwa na umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi, ni mwanamke, Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewakejeli wanaume kwa woga wao mpaka watu wakasonga mbele kuelekea bunduki. Alikuwa kati ya waliouawa siku hiyo. Kwa hivyo mtu asije kutuambia ati mwanamke wa upande huu wa mji alikuwa na haya ya kuonekana mbele za watu.

Kilichomnyima uwanja ni mpango wa mji. Nairobi ya mkoloni ilimtaka Mwafrika mwanaume, tena bila familia: aje, afanye kazi ya reli au ya ofisi za serikali, alale kwenye kitanda alichopangiwa, mkataba ukiisha arudi kwao. Nyumba nyingi za kwanza za upande wa mashariki zilijengwa kwa hesabu ya vitanda. Ilipofika miaka ya 1940 ndipo mitaa kama Kaloleni ikajengwa kwa kufikiria mtu mwenye mke na watoto, pamoja na ukumbi wake wa jamii na nafasi za wazi katikati. Ile ramani kuu ya jiji ya 1948 nayo ilitaka kila mtaa uwe na sehemu ya kupumulia. Ndiyo maana, hata leo baada ya wanyakuzi wa ardhi kupita, mitaa ya zamani ina kiwanja katikati wakati mitaa mipya ina maghorofa yanayobusiana madirisha.

Basi viwanja vilikuwepo, na kumbi pia. Lakini ratiba ya mambo ilikuwa na jinsia. Wanaume walipewa mpira, ndondi na mijadala. Ukumbi wa Kaloleni ulichemka siasa hadi watu wakauita Bunge. Wanawake walipewa kushona, kupika na usafi wa nyumba. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa 1952, kazi ya klabu zake mwanzoni ilikuwa hiyo hiyo: sindano, sufuria, mtoto. Sisemi kushona ni kitu kibaya, wapo waliosomesha watoto kwa cherehani. Ninachosema ni kwamba hata saa za kupumzika za mwanamke zilijazwa kazi ya nyumbani.

Na waliotuletea mpira nao kwao walikuwa wamefunga mlango. Desemba 1920, siku moja baada ya Krismasi, mechi ya wanawake ya Dick, Kerr Ladies pale Goodison Park mjini Liverpool ilivuta watazamaji 53,000. Mwaka mmoja tu baadaye, Desemba 1921, chama cha mpira cha Uingereza kikaamua kwamba mpira haumfai mwanamke, kikakataza klabu zake kuwapa viwanja. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50. Kwa hivyo wakati mzungu anatufundisha mchezo huu kwenye shule za misheni na kambi za reli, alikuwa anatufundisha na nani asiucheze. Sisi tukachukua vyote viwili bila kuuliza.

Sasa twende Mathare.

Bonde la Mathare halikuwa kwenye ramani ya mtu yeyote. Lilibomolewa wakati wa Hali ya Hatari, likaota tena baada ya uhuru, na watu waliofika hapo katika miaka ya 1960 na 1970 walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanawake wenye watoto na bila mume wa kutajwa. Wengi walipika busaa. Ukitaka kuelewa mpira wa wasichana wa Eastlands, anza na busaa, wala si na mpira. Pombe hiyo inataka maji mengi, tena ya kununua au ya kupanga foleni. Inataka kuni. Inataka unga ukaangwe, na mtu wa kuangalia polisi wakija. Inataka mama awe macho na wateja mpaka usiku. Mama akishikwa na kazi hiyo, mtoto mdogo anabebwa na nani? Anabebwa na dada yake wa miaka 9. Biashara nzima ya bonde ilisimama juu ya mgongo wa huyo msichana, na hakuna aliyemwandika kwenye hesabu. Siku hizi busaa imepungua, mama anauza mboga au anafua nguo za watu Eastleigh, lakini mgongo ni ule ule.

Mwaka wa 1987 Mkanada mmoja, Bob Munro, aliyekuwa Nairobi akishauri mambo ya mazingira, aliwakuta watoto wa Mathare wakicheza na mpira wa juala. Mpira wa juala kila mtu anaujua: makaratasi ya nailoni yanakunjwa, yanafungwa kwa kamba, unapata kitu kinachodunda kidogo na kinachouma sana ukipigwa nacho masikioni. Akakubali kuwasaidia kuunda ligi yenye mipira halisi na marefa, kwa sharti kwamba nao wafanye kitu. Hapo ndipo ilipotoka Mathare Youth Sports Association, MYSA. Na kitu chenyewe cha kufanya kilikuwa takataka. Timu ikishinda mechi inapata pointi 3 kama kawaida. Ikifanya usafi wa mtaa, kuzoa taka na kuzibua mitaro, inapata pointi 6. Yaani Jumamosi moja ya koleo na mkokoteni ilikuwa sawa na ushindi mara mbili. Kuna timu zilizobebwa na mitaro kuliko mastraika.

Najua mjadala kuhusu wageni wanaokuja kutuokoa, na nimeuchangia mara nyingi kwenye matatu. Lakini MYSA, ukiiangalia vizuri, iliendeshwa na vijana wenyewe. Wao walipanga ratiba, walikuwa marefa, waliketi kwenye kamati za kanda na kugombana hadi usiku. Kufikia 1992 ilikuwa imepata tuzo ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira. Na mwaka huo huo wa 1992, kwa kuchelewa kwa miaka 5, ikaanzisha ligi ya wasichana.

Hadithi inayosimuliwa kuhusu mwanzo huo inanichekesha. Wavulana wa MYSA walikuwa wamepelekwa Norway, kwenye Norway Cup mjini Oslo, mashindano ya vijana yanayojaza viwanja kila kiangazi. Huko wakaona wasichana wakicheza mpira, tena wakiucheza vizuri, na hakuna aliyewarushia maneno. Wakarudi na wazo hilo. Yaani mvulana wa Mathare alihitaji kupanda ndege hadi Oslo ndipo aone kwamba dada yake ana miguu.

Msimu wa kwanza na ile iliyofuata ndiyo inayostahili kuandikwa, kwa sababu hapo shida ya kweli ilijitokeza, na haikuwa ile iliyotarajiwa. Watu walitarajia kelele kuhusu kaptura. Kelele hizo zilikuwepo: ati msichana akikimbia hadharani anajianika, ati hatapata mume, ati atapata misuli. Walikuwepo pia wavulana waliokataa kuachia kiwanja, maana kiwanja ni chao tangu azali. Lakini maneno huzoeleka. Ukicheza mwezi mmoja, wa kukutukana anachoka, anaanza kukushangilia, halafu anaanza kukufundisha hata hujamwomba. Kisichozoeleka ni saa.

Mwaka 2002, watafiti wawili, Martha Brady na Arjmand Banu Khan, walitoa ripoti kupitia Population Council kuhusu wasichana hawa wa MYSA. Kati ya vizuizi walivyoviandika, kazi za nyumbani zilikuwa mbele. Mzazi hakuwa anakataa mpira kwa sababu ya itikadi. Alikuwa anauliza swali la kawaida kabisa: akienda, nani atachota maji? Nani atapika? Nani atabaki na mtoto? Na swali la pili, lenye uzito zaidi: akirudi giza limeingia, nani ataniambia amepita wapi? Bonde halikuwa na taa. Mama aliyekataa hakuwa mjinga, alikuwa anaijua njia.

Angalia basi ligi ilivyolazimika kujipinda. Mechi za wasichana zikawekwa mapema, ili mtu awe amefika kwao kabla ya jioni kuiva. Viongozi wakaanza kwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na wazazi, kazi ambayo ligi ya wavulana haikuwahi kuifanya hata siku moja, kwa sababu hakuna anayemuuliza mvulana yuko wapi saa kumi na moja. Wasichana wakaja kiwanjani na wadogo zao. Picha hiyo inanifurahisha kuliko picha ya kombe lolote: pembeni mwa kiwanja watoto wameketi kwenye leso, wanapokezanwa. Beki akitolewa nje, anakuwa yaya. Yaya akiingizwa, anakuwa beki. Kocha wa timu kubwa anafikiria nani ana kadi ya njano. Kocha wa wasichana wa Mathare alifikiria pia nani ana mtoto anayelia.

Halafu ile sheria ya takataka ikaleta kitu ambacho sidhani kilipangwa. Kufagia, kuzoa, kubeba uchafu, hizo zilikuwa kazi za kike. Mvulana aliyeshika ufagio mbele ya wenzake alikuwa amejimaliza. Sasa ligi ilimwambia kwamba ufagio una pointi 6. Wavulana wakafagia mbele ya mtaa mzima, na wasichana wakasimama pembeni wakitazama. Kisha wasichana wakaingia kwenye ligi yao, nao wakafagia, na kazi ile ile ambayo nyumbani ilikuwa haihesabiwi, kiwanjani ikahesabiwa na kuandikwa kwenye jedwali. Mimi naona hilo ndilo jambo la ajabu zaidi katika historia nzima ya MYSA, hata kuliko Mathare United kubeba Moi Golden Cup 1998 ikiwa bado iko ligi ya chini, na hata kuliko ule ubingwa wa 2008 wa Francis Kimanzi. Kwa mara ya kwanza kazi ya msichana ilipata namba, na namba hiyo ilimsaidia kucheza.

Lakini nyumbani haikuwa na namba. Hapo ndipo ligi iligonga ukuta. MYSA ingeweza kubadilisha saa ya mechi, isingeweza kubadilisha saa ya bomba. Msichana wa miaka 11 aliweza kuponyoka. Akifika miaka 14 au 15, anakuwa amepata wadogo zaidi, anakuwa ndiye mama wa pili wa nyumba, na anapotea kwenye timu wakati ule hasa anaanza kuelewa mchezo. Wavulana wa umri huo ndio kwanza wanachomoza. Wakati mvulana anatafutwa na timu ya wakubwa, msichana anatafutwa na mamake.

Nilisoma historia chuo kikuu kwa mwaka mmoja na nusu, kabla ya karo kunishinda, na tulifundishwa reli, ardhi, vyama vya wafanyakazi na mikutano ya Lancaster. Yote ni muhimu. Sikumbuki hata somo moja kuhusu saa: nani alikuwa nazo, nani alizichukua kutoka kwa nani. Ilhali ukichimba karibu kila jambo la mji huu, utakuta saa chini yake.

Hata huko mbali ni hivyo. Ayalandi, nchi ambayo sisi wa Nairobi tunaijua zaidi kupitia mapadri na masista waliotufundisha kusoma, wana mpira wao wa asili, wa Kigaeliki, unaochezwa kwa mikono na miguu. Chama chake kikuu kilianzishwa 1884 katika hoteli moja ya mji wa Thurles iitwayo Hayes. Wanawake walisubiri miaka 90. Julai 1974 wakakutana katika hoteli ile ile na kuunda chama chao, kwa kaunti 4 tu: Offaly, Kerry, Tipperary na Galway. Mwaka huo huo wakacheza fainali yao ya kwanza ya nchi nzima, Tipperary wakawashinda Offaly. Mwaka 2019 fainali ya wanawake hao kule Croke Park, Dublin, ilitazamwa na watu 56,114. Na wachezaji wake, kama wenzao wa kiume, ni watu wa kazi: walimu, wauguzi, wanafunzi, wakulima. Mchezo huo haulipi mshahara mtu yeyote. Hiyo tofauti ndiyo iliyonifanya niwataje. Kule mwanamume na mwanamke wote wanatoa jioni zao bure. Kwetu, mpira wa mwanaume unanunua jioni yake. Wa mwanamke unaiomba.

Wapo walioponyoka. Doreen Nabwire alianzia kwenye ligi hizi za MYSA, akachezea timu ya taifa, akaenda Ulaya na kucheza Ujerumani na Uholanzi, Werder Bremen ikiwa moja ya klabu zake, wakati ambapo mchezaji wa kike kutoka Kenya kulipwa Ulaya lilikuwa jambo lisilosikika. Baadaye akarudi na kusimamia mpira wa wanawake kwenye shirikisho. Timu ya wanawake ya MYSA, ambayo baadaye ilijulikana kama Mathare United Women, ilikuwa kwa miaka mingi kati ya timu ambazo mtu akikutana nazo analala mapema. Mwaka 2016 Harambee Starlets wa kocha David Ouma wakawatoa Algeria kwa bao la ugenini, wakafuzu kwa mara ya kwanza fainali za Afrika, kule Kamerun. Walipoteza mechi zote 3, lakini walifika. Novemba 2019, Chamazi, wakawapiga Tanzania 2-0 mbele ya watu wao na kubeba kombe la CECAFA. Samahani kwa wasomaji wa Dar, lakini ilikuwa lazima niitaje.

Ukitazama mabingwa wa ligi kuu ya wanawake kwa miaka ya hivi karibuni, lakini, utaona ramani imehama. Vihiga Queens walibeba 2017, 2018 na 2019. Thika Queens wakakata mfululizo huo 2021. Kenya Police Bullets wakachukua 2024. Timu za Eastlands zimekuwepo, Kayole Starlet wamo, mechi za wanawake zimechezwa Camp Toyoyo pale Jericho kwenye nyasi bandia, lakini kombe haliji upande huu. Kwani wasichana wetu wamesahau mpira?

Jibu langu ni kengele. Msichana wa Wiyeta kule Trans Nzoia, wa Butere, wa Archbishop Njenga kule Kakamega, anasoma shule ya bweni. Saa kumi ikigonga, kengele inalia, anaenda mazoezini. Hakuna mtoto wa kubeba, ugali umepikwa na mtu mwingine, na njia ya kurudi ni kutoka kiwanjani hadi bwenini. Miaka 4 mfululizo shule inamkopesha kile ambacho nyumbani hakipo. Wa Eastlands wengi wanasoma shule za kutwa. Kengele ikilia kwao, ndiyo zamu ya pili ya kazi inaanza. Takwimu za serikali za matumizi ya muda, zilizotolewa 2023, zinaonyesha mwanamke wa Kenya anatumia takriban mara 5 ya muda wa mwanaume kwa kazi za nyumbani zisizolipwa. Hiyo mara 5, ukiigawa kwenye wiki, ni mazoezi yote ya timu na mechi ya Jumamosi juu yake.

Wakubwa nao ni vivyo hivyo. Ulinzi Starlets ni timu ya jeshi. Police Bullets ilikuwa Thika Queens kabla ya polisi kuichukua 2023. Vihiga ilikuwa na mkono wa serikali ya kaunti. Ukichukuliwa na timu ya jeshi au polisi unapata ajira, na ajira maana yake mtu amekununulia saa zako: unaweza kulipa wa kukufulia, wa kukupikia, wa kubaki na mtoto wako. Klabu ya mtaa haina hiyo. Inakuza msichana kutoka miaka 10, inamvusha ile miaka mibaya ya 14 na 15 kwa kubembelezana na mamake, akishaiva anaenda kwa wenye mishahara. Simlaumu hata kidogo. Ningekuwa mimi ningeenda mbio.

Na wakati mwingine wakubwa wenyewe ndio huvunja kila kitu. Novemba 2021 serikali ililivunja shirikisho la mpira, Februari 2022 FIFA ikatufungia. Starlets walikuwa wanatakiwa kucheza na Uganda kutafuta nafasi ya fainali za Afrika. Hawakucheza. Uganda wakapita wakiwa wameketi. Wanaume walipoteza msimu. Wanawake walipoteza kitu ambacho walikuwa wamekipata mara moja tu katika historia yao yote.

Halafu 2024 likatokea jambo ambalo nadhani nchi haijalimeza bado. Timu ya kwanza ya mpira ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA, la aina yoyote, haikuwa Harambee Stars, ambayo tumeimbia tangu tuzaliwe. Ilikuwa Junior Starlets, wasichana wasiozidi miaka 17, chini ya kocha Mildred Cheche. Walienda Jamhuri ya Dominika mwezi wa Oktoba. Walifungwa 2-0 na Uingereza, ndiyo ile ile iliyofunga viwanja vyake 1921. Walifungwa 3-0 na Korea Kaskazini, waliokuja kuwa mabingwa. Mechi ya mwisho wakawapiga Mexico 2-1. Mimi niliisikia habari hiyo nikiwa kwenye matatu inayotoka Kayole, na dereva akazima muziki ili kondakta arudie matokeo. Mtu mmoja akauliza kama ni wa kiume. Akaambiwa hapana. Akasema basi arudie tena.

Ligi za MYSA bado zinachezwa, za wavulana na za wasichana, kwa kanda na kwa umri. Vifaa ni afadhali, makocha wa kike wapo, na hakuna anayeuliza tena kuhusu kaptura isipokuwa mlevi. Ila maji mitaani huja kwa mgao, siku fulani za wiki kwa kila mtaa, na siku yakija ndiyo siku ya kujaza mitungi na kufua nguo za nyumba nzima. Ukitaka kujua timu ya wasichana itakuwa na wachezaji wangapi Jumamosi, usimpigie kocha. Tazama ratiba ya Nairobi Water uone zamu ya mtaa huo ni siku gani.